Mtandio wa Talaso kwenye Kamba

...wala asimwinue, hapana, mkono ukae hapo hapo juu ya kifua cha mtoto, uzito wa mkono tu, si kumkandamiza, si kumtikisa, Wario analia lakini kilio hiki si cha njaa, cha njaa Sadiya anakijua, hicho hupanda moja kwa moja kama cha mbuzi aliyenaswa kwenye miiba, hiki kinapanda na kushuka, kinasimama kusikiliza, kinaendelea, mtoto anauliza tu, akko yuko wapi, na akko yuko hapa, bibi yako yuko hapa, amepiga magoti kando ya kitanda juu ya mkeka ule ule aliosalia Magharibi, na leo amesali bila mtoto mgongoni, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akasujudu mgongo ukiwa mwepesi mpaka akaona kama amesahau kitu... la ilaha illa Llah, pole pole, la ilaha illa Llah, pumzi moja ndefu, na vidole vinagonga kifuani taratibu, vinafuata maneno... "Mama Talaso! Bado analia?" Huyo ni Kagendo, jirani, anaita kutoka uani huku akichambua sukuma wiki zake za kesho, na bado anamwita Mama Talaso, Mungu ambariki, wengine siku hizi wanaliruka jina hilo kama watu wanavyoruka shimo, "Mama Talaso, kwani ni mimi nimemharibia usingizi? Aki nilidhani nakusaidia, ile nguo ilikuwa inanuka maziwa mpaka paka anaifuata!" Sadiya angecheka kama si leo, ni kweli paka alikuwa akiufuata, ule mtandio wa zambarau wa Talaso ambao haujaona maji tangu Talaso alipofunikwa kwa udongo, homa ilimchukua kabla mvua hazijaisha, Wario hajajua hata kucheka, na Sadiya akaukunja mtandio ule na jasho lake na ubani wake, kila jioni akamwekea mtoto shavuni, akampakata mpaka alale, na mtoto alilala, alhamdulillahi, lakini akiwekwa chini tu anashtuka, anarudishwa kifuani, usiku kucha hivyo, mpaka juzi Sadiya akasinzia akiwa ameketi na mtoto akateleza mapajani, akateleza karibu na jiko la makaa, Mwenyezi Mungu ndiye aliyemdaka, si yeye... "Mama," Darmi alisema alipohadithiwa, Darmi dada wa baba yake mtoto, anayelima kule Rapsu, hana ubaya, sauti yake ni ya chini, "mama, huyu mtoto anakulilia, na wewe unamlilia, mtamalizana. Nitakuja nimchukue. Rapsu kuna hewa." Na kesho anakuja. Yule nesi wa kliniki naye alisema bila kuinua macho, ukimlaza akiwa keshalala, akizinduka atakitafuta kile alicholalia, mlaze chali akiwa macho, macho mazito lakini macho, jioni zote kwa namna moja, umnyamazishe kwa mkono, na Sadiya akasema sawa, akajiambia tutaanza jioni hii, tutaanza na mtandio shavuni mwake... halafu mchana akaenda barabarani kupokea maziwa ya ngamia, akamwachia Kagendo mtoto, aliporudi akaukuta kwenye kamba, safi, unadondosha maji, unanuka sabuni ya unga kama nguo ya mtu yeyote, na Kagendo anatabasamu mikono ikiwa bado na povu, Sadiya neno baya likamjia mpaka menoni, akalimeza, akasema asante... la ilaha illa Llah... sasa mtoto atajuaje, harufu ya mama yake imemwagwa na maji ya beseni, atakuwa mkubwa na hatakuwa na chochote cha Talaso puani mwake, atasahau, kama yule ng'ombe alivyosahau... ni miaka mingapi hajamfikiria, yule ng'ombe mwekundu wa baba, ndama wake alikufa akagoma kutoa maziwa, baba akamchuna ndama, akaijaza ngozi nyasi, akaisimamisha mbele ya mama yake, na ng'ombe akailamba, akailamba, maziwa yakashuka, na Sadiya binti mdogo ndiye aliyekuwa akikamua, akimwimbia, mpaka siku fisi alipoivuta ile ngozi akaenda nayo, baba akasema basi, huyo amekwisha, lakini Sadiya akachukua kibuyu akaenda tu kwa ukaidi wa kitoto, akaweka paji la uso ubavuni mwake, akaimba, na maziwa yakashuka, meupe, ya kujaza kibuyu, baba akacheka mpaka akaketi, "Kumbe alikuwa akikusikiliza wewe!" na Sadiya hakucheka, alimchukia yule ng'ombe, alimwona hana haya, amesahau mtoto wake mara moja... lakini hebu ngoja. Hebu ngoja, Sadiya. Ng'ombe ana pua. Ng'ombe anamjua ndama wake kati ya ndama wote wa boma, usiku, katika vumbi, angedanganywa na nyasi? Alijua. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba ile ni ngozi, aliilamba kwa huzuni yake, na maziwa akayatoa kwa sababu alikuwa ameimbiwa, akaguswa na mkono anaoujua, huzuni yake ikabaki yake... subhanallah, na huu mkono, na hili neno, ndilo Sadiya alilomlazia Talaso, jioni zote za utoto wake, la ilaha illa Llah kwa pumzi moja ndefu, na Talaso akamlaza Wario kwa neno hilo hilo, kwa kuburuta kule kule mwishoni, alimsikia kwa masikio yake kupitia pazia hili... basi ni nini kilichofuliwa leo? Mtoto alilamba sauti. Aliyekuwa akiilamba ngozi ni nani, kama si wewe, Sadiya?

Wario anasimama kusikiliza, anavuta kamasi, anaanza tena, kupanda na kushuka, hajalala, huenda asilale mpaka adhana ya Isha, na Darmi atakuja kesho akamkuta mtoto aliyelia jioni moja kitandani mwake, aje, atapewa chai ya maziwa ya ngamia, ataambiwa karibu, keti, ukimtamani mtoto uwe unakuja kumwona... "Mama Talaso, nguo imeanza kukauka, nikuletee? Ama niifukizie ubani kidogo kwanza?"

"Iache."

"Niiache?"

"Iache ikauke vizuri, Kagendo. Kesho nitajitanda mwenyewe."

Kicheko kidogo kutoka uani, "Haya basi, zambarau itakupendeza," na Wario bado analia, na mkono wa Sadiya haujaondoka, vidole vinagonga taratibu, la ilaha illa Llah, pumzi moja ndefu, na mwishoni anaburuta.