Mwalimu Sifael Ahakiki Kidari

Mwalimu Sifael alistaafu ualimu, lakini ualimu ulikataa kumstaafu yeye. Alifundisha fasihi sekondari mpaka mvi zikamjaa, na aliporudi Machame, kwenye nyumba aliyoachiwa na baba yake, kukaa na migomba yake na ng'ombe wake wawili, akawa anahakiki kila kilichopita mbele yake. Ng'ombe akigoma kukamuliwa, mwalimu anasema huyu ana mgogoro wa nafsi. Jirani akija kuomba chumvi, hajafika hata getini mwalimu anamwambia mkewe kwamba yule ni mhusika bapa, habadiliki, tangu sura ya kwanza yeye ni kuomba chumvi tu. Mkewe, Elinipendo, alishamzoea. Alikuwa anaitikia "eeh" huku anamenya ndizi, kisha anampa bakuli la mtori ili apate kunyamaza.

Sasa bingwa huyu wa kuona migogoro ya watu wasiokuwepo ndiye aliyeanzisha ugomvi mkubwa kuliko wote katika ukoo wao, na hakuuona hata ulipomkalia mapajani.

Ilikuwa Krismasi. Watoto wote walikuwa wamepanda kutoka Dar, Arusha na Moshi, mbuzi amechinjwa, na kila mtu anajua kwamba mbuzi wa Krismasi ana wenyewe. Kipande hiki cha wakwe, kile cha mashangazi, na kidari, katika ukoo wao, ni cha mkubwa. Mkubwa ni Ebenezeri, kaka yake mwalimu, polisi mstaafu mwenye sauti ya gwaride mpaka leo, anayekaa ng'ambo ya mfereji. Kila mwaka Ebenezeri anakabidhiwa kidari chake, anatoa kisu mfukoni, anakifuta kwenye suruali, watoto wanamzunguka, basi Krismasi imefika.

Mwaka huo mwalimu akaamka na fikra. Akasimama mbele ya ukoo mzima akahutubia kwamba ugawaji huu ni wa kitabaka, ni mabaki ya ukabaila, na katika nyumba yake watu watakula kwa usawa. Nyama yote ikakatwakatwa, ikatupwa kwenye sufuria moja, watu wakapanga foleni na sahani kama wako kwenye sherehe ya kulipia. Ebenezeri naye akapanga, kofia kichwani. Zamu yake ilipofika akatiliwa shingo. Kidari kilikuwa kimeangukia sahani ya binti mmoja mgeni, aliyekuja na Kindness, mtoto wa mwalimu. Binti wa watu akasema kina mafuta mengi mno, akakisogeza pembeni, na mbwa akamaliza mjadala.

Ebenezeri aliweka sahani yake juu ya ukuta, akachukua fimbo, akavuka mfereji. Tangu siku hiyo hakuvuka tena kuja kwa mdogo wake.

Mambo yangeendelea hivyo hivyo mpaka mmoja wao azikwe, maana wote wawili walikuwa wabishi wa kuzaliwa. Lakini Kindness, ambaye ni muuguzi mjini Moshi, akapata mchumba, kijana anaitwa Jovin, na wazee wa Jovin wakatuma salamu kwamba Jumamosi wanapanda na mbege kuja kuposa. Na mbege ya posa haionjwi na yeyote kabla ya baba mkubwa. Baba mkubwa asipokuwepo, wageni wanageuza na pombe yao, na habari inawatangulia kufika stendi.

Kindness alipiga simu Jumanne. Hakulia wala hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha baba yake.

"Baba, mimi bila baba mkubwa sitoki chumbani. Nimeshamwambia Jovin kama hayupo, waahirishe."

"Waahirishe mpaka lini?"

"Mpaka mtakapokua," akasema, akakata simu.

Elinipendo alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. "Baba Kindness, kata isale upeleke."

Dawa ilikuwa hiyo, na haikuhitaji digrii. Mchagga akikuletea jani la isale amekuomba msamaha, na huna ruhusa ya kumkatalia, hata kama amekuchomea nyumba. Ua wa mwalimu ulikuwa umejaa masale. Kilichokosekana ni mkono wa kukata.

"Kosa langu liko wapi?" akauliza mwalimu. "Nionyeshe ushahidi."

Elinipendo akarudi jikoni, na siku hiyo mtori haukuja.

Kesho yake, Jumatano, ilikuwa siku ya wasomaji. Mwalimu alikuwa ameanzisha kikundi pale kwenye ukumbi wa usharika, wazee wa kike na wa kiume, wanasoma riwaya moja ya zamani na kuihakiki. Ebenezeri alikuwa mwanachama, na ugomvi haukumzuia kuja. Angempaje mdogo wake raha ya kutomwona? Alikaa mstari wa nyuma, mikono kwenye fimbo. Mwalimu, kwa kuwa kumwamkia kaka ni lazima na kumwamkia huyu hataki, alikuwa akiingia anasema "shikamooni" huku anatazama dirisha.

Riwaya yenyewe ilihusu ndugu wawili. Baba yao alipokufa, Badi, mkubwa, alirithi nyumba. Sururu, mdogo, akarithi mlango wake wa nakshi. Sururu akaung'oa mlango akaenda nao. Badi akagoma kuweka mwingine. Akaishi miaka na miaka nyumba iko wazi, kuku wa mtaa mzima wanaingia na kutoka, ilimradi watu waone alivyodhulumiwa.

"Leo tunaingia kwenye wahusika na migogoro," alisema mwalimu. "Badi ni mtu wa namna gani?"

"Badi hana kosa," ilisema sauti ya nyuma.

"Uhakiki hauanzi na kosa. Unaanza na sifa za mhusika."

"Sifa yake ni kwamba hana kosa."

Watu wakakohoa. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Alieleza kwamba Badi ni mfano wa kiburi cha wakubwa, watu wanaotaka kuabudiwa kwa sababu walitangulia kuzaliwa. Ebenezeri akasema Sururu ni mfano wa watu waliosoma wakapitiliza, wanang'oa vitu bila kuuliza vilikuwa vinashikilia nini. Mwalimu akasema Sururu alidai haki. Ebenezeri akauliza haki gani hiyo ya kumwachia kaka yako kuku sebuleni. Mwalimu akapandisha sauti, kitu ambacho darasani hakuwahi kukifanya, akasema Sururu alitaka usawa, usawa tu, na kama mtu mzima hawezi kuvumilia usawa siku moja kwa mwaka, huyo ana matatizo yake.

"Usawa wa kupanga foleni!" Ebenezeri akasimama. "Na kofia kichwani! Kwenye nyumba ya baba yangu!"

Mama Aikaeli, mjane mmoja wa mstari wa mbele, aliyekuwa anafuma kitambaa chake kimyakimya, akafunua kitabu nyuma na mbele, akatafuta, hakuona.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Mimi ukurasa wa foleni sijaufikia. Huo mlango ulikuwa na kidari?"

Walicheka mpaka mzee mmoja akatolewa nje kupata hewa. Mwalimu hakucheka. Ebenezeri alikuwa ameshatoka, na fimbo yake ilisikika ikigonga njia mpaka mbali.

"Basi tumalizie," alisema Mama Aikaeli, baada ya kujifuta machozi. "Mwishoni Sururu anafanya nini?"

Mwalimu alijua. Aliufundisha mwisho huo maisha yake yote. Sururu anaubeba mlango kichwani, anaurudisha kwa kaka yake, na kwa kuwa nyumba haina mlango wa kubisha, anausimamisha chini na kuubisha huo huo alioubeba. Na vizazi kwa vizazi vya wanafunzi mwalimu aliwaambia waandike kwamba mwisho huu ni dhaifu, umelazimishwa, hauna uhalisia, maana hakuna mtu mzima mwenye akili anayeweza kujiaibisha namna hiyo.

"Anarudisha mlango," akasema, na akafunga kipindi.

Alitembea nyumbani amekasirika. Kwanza alimkasirikia Mama Aikaeli, halafu kaka yake, halafu mwandishi wa riwaya. Alipofika kwenye ua wake hakubaki mtu wa kumkasirikia isipokuwa mmoja, naye alikuwa amechoka. Akilini alimwona Kindness na gauni lake la posa, amekaa chumbani, mlango umefungwa. Roho ikamuuma kwelikweli. Akakata isale.

Nyumba ya Ebenezeri ilikuwa wazi. Mwalimu akasimama kizingitini na jani lake mkononi, akabisha hodi kwa sauti ndogo.

"Shikamoo kaka." Safari hii alimtazama yeye.

"Marahaba. Umekuja kufanya nini?"

"Nimeleta isale."

"Naliona, sijapofuka. Kosa ni lipi?"

"Kaka, unalijua."

"Mimi sijui kitu, mimi si msomi. Hakiki. Anza na mhusika mkuu."

"Mhusika mkuu ni mimi."

"Sifa zake?"

"Ana kiburi."

"Endelea."

"Ana maneno mengi."

"Ushahidi?"

"Shingo," alisema mwalimu.

Mdomo wa Ebenezeri ulitaka kucheka, akauzuia. "Dhamira?"

Hapo mwalimu alikwama. Alianza kusema heshima, akaona siyo. Akasema mila, akaona siyo. Kaka yake alikuwa anamtazama kama mtu anayesubiri jibu moja tu, tena jepesi. "Sijui, kaka," akasema mwisho, na ilikuwa mara ya kwanza kutamka maneno hayo mbele ya mtu.

Ebenezeri akalipokea jani. "Kwenye dhamira umepata sifuri," akasema. "Keti unywe chai."

Mwalimu alipoketi ndipo alipoona ukutani, kwenye msumari, suti nyeusi ya kaka yake imepigwa pasi, tai imeshafungwa fundo, na chini yake viatu vinang'aa. Hakuna aliyekuwa amemwalika kwenye posa ya Jumamosi. Mwalimu aliutazama ushahidi ule, mdomo ukamwasha, akaunyamazisha kwa chai.

Jumamosi wageni wakafika. Ebenezeri akaonja mbege, akakunja uso kama inavyopaswa, akasema inafaa, na wazee wa Jovin wakapumua. Kindness akatoka chumbani. Mbuzi akaletwa, na mwalimu kwa mikono yake mwenyewe akamkabidhi kaka yake kidari kizima mbele ya watu wote.

Ebenezeri akatoa kisu mfukoni, akakifuta kwenye suruali ya suti, Elinipendo akafumba macho. Akakata kipande cha kwanza, kile cha katikati chenye mafuta. Hakukila. Akamwita Kindness, akamwekea kipande kiganjani, kama alivyomwekea tangu akiwa hana hata meno ya kutafunia.

"Hiki ulinidai Krismasi," akamwambia. "Sikuwa nacho cha kukupa."

Kindness akakila huku machozi yanamtoka na mafuta yanamchuruzika kidevuni, mbele ya wakwe. Ebenezeri akaendelea kukata, cha huyu, cha yule, watoto wamemzunguka, mpaka kidari kikaisha. Yeye akabaki na mfupa.

Mwalimu alikuwa ameyaona hayo kila Krismasi ya maisha yake. Kila mwaka, mbele ya macho yake, na wala hakuwahi kuyasoma. Alitaka kuinuka aseme kitu, kwa kawaida yake. Kaka yake akamwinulia kisu kutoka ng'ambo ya meza.

"Kaa chini, mwalimu," akasema. "Andika hiyo kwenye dhamira, halafu unisogezee shingo."