Kasha la Matambarale

Ukimweleza mtu mchezo wa Enock kwa mara ya kwanza, lazima acheke. Mtu mzima, mwalimu wa jiografia, mwenye mke na watoto, anachukua kasha lisiloingia maji, anatia ndani karatasi na vikorokoro viwili vitatu, analificha porini, halafu anatangaza kwenye mtandao namba za mahali pale ili watu asiowajua waje kulitafuta kwa simu zao. Anayelipata anaandika jina lake kwenye karatasi, analirudisha palepale na kwenda zake. Hakuna zawadi, wala hakuna wa kukupigia makofi. Wazungu wanauita jiokeshingi. Enock na rafiki yake Idd waliuita kufukia, na kwa muda mrefu hakukuwa na wengine waliofukia kati ya Nachingwea na Ruangwa isipokuwa wao wawili.

Aliyemfundisha ni kijana wa kizungu aliyekuja kujitolea shuleni kwake, akaondoka mwaka ulipokwisha na kumwachia kimashine cha kupimia mahali. Enock wakati ule alikuwa mgeni Nachingwea, katupwa huko na ajira kutoka Singida, na mji ulikuwa haujamkubali wala kumkataa. Mchezo ndio uliompa mji. Alificha kasha kwenye tuta la reli ya zamani ya mradi wa karanga, akaficha jingine nyuma ya uwanja wa ndege, na jingine Mnero karibu na kanisa. Idd, muuza salfa, dawa ya mikorosho, pale Ruangwa na mpenzi wa kila jambo la kipuuzi, aliposikia akasema hawezi kuachwa nyuma. Siku ujumbe wa kwanza ulipoingia, kwamba msafiri fulani wa Ujerumani kalipata kasha la reli, walichinja kuku.

Siku hizi ujumbe ukiingia, Enock anausoma kama anavyosoma matangazo ya kampuni ya simu. Hauchukii mchezo. Angeuchukia angekuwa na la kusema. Anakwenda porini, anapanua majani, anabadilisha karatasi iliyolowa, anarudi nyumbani, na mkewe akimuuliza huko kulikuwaje anajibu kuwa kulikuwa kuzuri, kisha anaomba chakula. Msisimko uliokuwa ukimshika kila alipokaribia kasha ulikwisha, na hata siku ulipokwisha hakuijua.

Ndipo msimamizi wa tovuti ya mchezo alipomwandikia kuhusu kasha walilolificha pamoja Matambarale, kijiji cha mbele ya Ruangwa. Wageni waliolifuata walirudi mikono mitupu. Aende akaliangalie, la sivyo litafutwa. Enock akampigia Idd.

"Naenda kulitoa," alimwambia. "Na nikifika pale nikaona moyo umelala hivihivi, nayatoa yote. Nimechoka kujidanganya."

"Nitakupeleka," Idd alisema. "Mimi mwenyewe nilishaacha, lakini msibani mtu haendi peke yake."

Walipita Ruangwa asubuhi, wakanywa chai na chapati mahali wanapojulikana, pikipiki ya Idd ikiwa imeegeshwa juani. Enock alizungusha kijiko kwenye kikombe kisichokuwa na sukari.

"Wewe uliacha lini kufurahia?"

"Sikuacha," Idd alisema. "Niligundua tu kuwa nimeshaacha. Mwanzoni nilikuwa natafuta mahali pa kuficha. Baadaye kila mahali nikipaona naona ni pa kuficha. Mtu ukifika hapo, unatafuta nini tena?"

"Labda tungepata wenzetu."

"Tungepata wenzetu tungegombana, mwalimu. Kunywa chai twende."

Enock alitaka kucheka, maana zamani maneno ya Idd yalimchekesha mpaka anashika mbavu. Akatabasamu kwa adabu tu.

Njia ya Matambarale ilikuwa kavu na vumbi lilikuwa la kumwaga. Walikumbuka vizuri walipoficha: chini ya kichuguu kikubwa kwenye pori tupu, shamba lililopumzishwa, hakuna hata kibanda. Walipofika pale simu iliposema wamefika, Idd akazima pikipiki, na wote wawili wakadhani wamepotea. Pori halikuwapo. Palikuwa na mikorosho michanga, imebanana kiasi kwamba mbuzi angelazimika kupita ubavu.

Mtu wa Ruangwa haambiwi maana ya mikorosho ya namna hiyo. Tangu wachimbaji wa kinywe, madini ya kutengenezea betri, waanze kutwaa ardhi katika vijiji kadhaa vya huko, watu walijifunza kuwa mthamini akija huhesabu miti, na mwenye miti mingi ndiye mwenye fidia ya maana. Kwa hiyo pakinukia habari za kupimwa tu, miche inaota. Haipandwi ili izae, maana ikibanana vile haizai. Inapandwa ihesabiwe.

"Huyu naye yuko kwenye foleni," Idd alisema, akacheka kidogo.

Walipenya katikati ya miti. Kichuguu kilikuwa palepale, kimezungushiwa uzio wa miiba. Ndani ya uzio palifagiliwa, na mawe yaliyopakwa chokaa yalipangwa duara. Katikati ya duara lilikaa kasha lao la kijivu, juani, limefungwa, na maandishi ya Enock juu ya kifuniko bado yalisomeka: RASMI. USIONDOE. Aliyatafsiri kutoka kwenye maelekezo ya mchezo.

Hawajaligusa bado, mwanamke mzee akatokea kwenye nyumba iliyokuwa ng'ambo ya miti akiwa na panga mkononi. Alikuja kwa kasi ya mtu aliyezoea kufukuza. Alipowakaribia akasimama, akamtazama Enock, kisha Idd, na uso wote ukafunguka.

"Ni nyie," alisema. "Nilijua mtarudi."

"Shikamoo, mama," walisema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Karibuni, karibuni. Miye Makrina. Siku ile hamkuniuliza jina."

Aliwaletea vigoda viwili, yeye akakaa chini, miguu kainyoosha. Kisha akawapa taarifa yake kama askari anayekabidhi lindo. Watoto hawajaligusa. Mbuzi hawajaligusa. Wamekuja wazungu na pikipiki zao kubwa, wanataka kulifungua, akawaambia hiki ni kitu cha serikali, nendeni. Wakaja wengine, akawafukuza vilevile. Mvua ikinyesha sana analifunika na turubai.

Enock alimtazama Idd, na Idd akatazama chini. Wote wawili waliikumbuka siku ile. Palikuwa na mwanamke analima ng'ambo ya pori, akaegemea jembe na kuuliza kwa sauti, "Mnapima?" Sasa utaanzaje kumweleza mtu mwenye jembe kwamba nyinyi, watu wazima, mmetoka mjini kuja kuficha kopo? Idd akapaza sauti, "Tunapima, mama!" akamkonyeza Enock, na walicheka mpaka Ruangwa.

"Sasa mnakuja lini?" Makrina aliuliza.

"Kuja kufanya nini, mama?" Enock alisema, ingawa alijua.

"Kuthamini. Miye sina haraka, tatizo ni Dastani." Alionyesha kichuguu kwa panga. "Dastani ni mwanangu wa pekee. Alitaka kujenga hapa. Hiki kichuguu udongo wake mzuri wa matofali, na maji hayako mbali. Huku kwetu mwanaume anaoa anakwenda ukweni, tangu wazee. Yeye akasema hapana, mama, siwezi kukuacha peke yako, nitamleta mwanamke hapa. Watu walimcheka. Akakubali kuchekwa."

Akapangusa panga kwenye nguo.

"Nikamkatalia. Nikamwambia hapa wapimaji wameweka bikoni yao, ukijenga watabomoa, na fidia tutanyimwa kwa ukaidi. Ngoja wapime, tutalipwa, utajenga nyumba ya bati popote. Akangoja, akangoja. Mwisho akaniambia, mama, umechagua kopo. Akaenda Ruangwa. Simu anapokea, lakini haji. Sasa nipeni siku, hata ya uongo, nimwambie kuwa mmefika."

"Mwambie mwakani," Idd alimnong'oneza Enock bila kuinua kichwa.

Lilikuwa jibu jepesi, na jibu ambalo kila ofisi ingelitoa. Enock alilisikia likimjia mdomoni. Ilibaki asimame, aage, apande pikipiki. Yule mama angeendelea kufagia. Hakuna ambaye angejua, na kusema kweli hata yeye asingeumia sana, maana siku hizi hakuna kilichomuumiza sana.

"Mama," alisema, kwa sauti ileile anayoitumia darasani, "sisi hatupimi. Hatukutumwa na serikali wala kampuni. Hii haikuwa bikoni."

"Ni nini?"

Akalitoa kasha kwenye duara, akalifungua na kuliweka mbele yake. Palikuwa na penseli, gololi, kishikizo cha funguo, kigari cha plastiki chekundu, na karatasi yenye majina machache ya kigeni. Alimweleza mchezo wote, tangu kuficha hadi kupatikana, bila kuruka kitu. Maneno yalitoka yamenyooka. Alikuwa akijisikiliza mwenyewe akieleza, na ulikuwa upumbavu mtupu.

Makrina alikichukua kigari, akakisukuma kidogo kwenye kiganja, akakirudisha.

"Mchezo," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Wa watu wazima."

"Ndiyo."

"Na mnafurahi?"

"Zamani tulifurahi."

"Na sasa?"

"Sasa hapana. Leo tulikuja kulitoa."

Mama yule alitikisa kichwa taratibu. Hakulia wala hakutukana. Ingekuwa afadhali angewatukana, na Idd alishajikunyata tayari kutukanwa. Alikaa akiitazama mikorosho yake, mstari hadi mstari, kama mtu anayetafuta kuku aliyepungua.

"Mpigie," alisema hatimaye. "Mwambie wewe. Miye hatanisadiki."

Akamtajia namba kwa moyo, tarakimu moja moja. Enock akapiga, akaweka sauti ya nje ili mama asikie. Upande wa pili palikuwa na kelele za randa na msumeno, kisha mlango ukafungwa na kelele zikapungua. Enock akajitambulisha. Akasema ni mwalimu kutoka Nachingwea, yuko Matambarale kwa mama yake, na kwamba lile kasha la kwenye kichuguu aliliweka yeye, kwa mchezo, na halikuwa na maana yoyote. Akasema shamba halikupimwa na hakuna aliyesema litapimwa. Akasema mama yake hakuwa na kosa.

Dastani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Mama yupo hapo?"

"Yupo. Anakusikia."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umesikia mwenyewe? Hakuna bikoni. Njoo ujenge. Hiki kichuguu hakijaguswa, udongo wote upo."

"Nimeshaezeka, mama."

"Umeezeka wapi?"

"Huku kwao Lusia. Mwaka juzi tulifunga ndoa."

Makrina alisogeza sikio karibu na simu. Kuku mmoja alipita kati yao, na hakuna aliyemfukuza.

"Kanisani?" aliuliza.

"Kanisani, mama. Nilitaka kukwambia. Kila nikikupigia unaniambia habari za bikoni." Sauti yake ilikuwa ya upole, na haikuwa na ugomvi tena, ugomvi ulikuwa umekwisha zamani, kama neno mtu alilokwisha kulisahau. "Nitakuja na Lusia siku moja, tukusalimie."

"Karibuni," Makrina alisema, vile mtu anavyowakaribisha wageni.

Hapo ndipo aibu ilipomshika Enock. Haikuja kwa kishindo. Ilimwingia kifuani nzito na baridi, ikakaa, na akajua haitatoka kwa siku nyingi. Alikuwa ameomba moyo umshtuke hata kidogo akifika kwenye kasha lile, na sasa angetoa chochote usimshtuke.

"Mama, tusamehe," Idd alisema. "Siku ile mimi ndiye niliyejibu. Nilifanya utani."

"Nilisikia," Makrina alisema. "Nilikusikia vizuri kabisa, baba. Masikio yangu wakati ule yalikuwa mazima."

Akainuka kwa kushika goti, akachukua panga, akaenda kwenye mstari wa kwanza wa mikorosho. Alipima kwa macho, akauacha mti wa kwanza, akaukata wa pili kwa mapigo mawili, akausukuma kando kwa mguu. Akauacha wa tatu. Iliyobaki ingepata nafasi ya kupumua, na labda misimu michache baadaye ingezaa. Kazi ile ilikuwa ya kutwa nzima, labda na kesho yake.

Enock akamfuata, akavua koti lake na kulitundika kwenye miiba.

"Nipe panga, mama. Nitakusaidia. Tutamaliza leo."

Makrina hakumpa panga. Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu kasha lifunguliwe, akamtazama kwa utulivu, bila chuki, kama anayejaribu kukumbuka mtu huyu ni wa nani.

"Acha, baba," alisema. "Wewe nenda kacheze."

Kisha akainama kwenye mti uliofuata.