Vitambaa vya Meza ya Kamati

Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimegoma tangu alfajiri, kwa hiyo dobi alikamua kitambaa cha kumi na nne kwa mwili mzima. Alikizungusha kwenye bomba, akabana ncha zote mbili kwapani, kisha akanyonga kiuno mpaka maji yakaisha. Wifi yake, aliyekuwa akisuuza kwenye beseni la pili, alimwambia kwamba majirani wakimwona watadhani anajifunza dansi uzeeni.

Vilikuwa vitambaa ishirini vya mezani, vyeupe, mali ya ukumbi wa halmashauri. Vilitakiwa kabla ya saa tano, kamati ya leseni itakapoketi. Karani wa ukumbi, aliyevileta jana yake, alikuwa na mdomo usiojua kufunga mlango. Alisema leo kamati ingemwongezea mwenye tanuri miaka mitano, na chai yote ingetoka kwa mwenye tanuri mwenyewe.

Tanuri hilo lilikuwa nyuma ya ukuta wa uani. Liliyeyusha vyuma chakavu na kuchochewa kwa matairi, na kila lilipowashwa, saa moja asubuhi, masizi yalishuka juu ya kamba za nguo bila hata kupiga hodi. Vitambaa kumi na tisa vilienea kambani. Cha ishirini kilikosa nafasi, wifi akakitundika chumbani.

Ugonjwa wa dobi ulianza mwaka mmoja baada ya tanuri. Asubuhi vidole vilikuwa vimevimba na kukakamaa, na mpaka saa tatu hawezi kufunga kifungo. Daktari wa viungo alimweleza kwamba kinga ya mwili wake imekosea adui, inamshambulia mwenyewe. Dobi alipomuuliza kuhusu moshi, daktari hakujifanya anajua asichokijua. Alisema tafiti zinaonyesha hewa chafu huenda ikawa miongoni mwa vitu vinavyoichokoza kinga ya namna hiyo. Kuapa kwamba ndiyo iliyomwanzishia yeye, hawezi. Akampa vidonge na kumshauri akae mbali na moshi. Dobi alicheka, maana hakujua mtu hukaaje mbali na hewa ya nyumbani kwake.

Aliandika barua tatu kwa halmashauri. Ya tatu ilimleta afisa wa mazingira, na hapo ndipo dobi alipojiharibia mwenyewe. Aliposikia mgeni anakuja aliona aibu. Akafua upya kila kilichokuwa kambani, akafagia ua, akapangusa hata kamba. Afisa alifika saa kumi, tanuri limeshapoa, akasimama dakika tano na kuandika kwamba nguo zilizoanikwa ni nyeupe na hakuna dalili ya moshi kufika kwenye makazi.

Ndivyo alivyoishi miaka miwili: anafua mara moja kwa ajili ya mteja, mara ya pili kwa ajili ya tanuri. Mtaa mzima ulimsifu kwa weupe wa nguo zake, na hakuna aliyejua weupe huo unafuliwa mara mbili.

Saa tatu vitambaa vilikuwa vimekauka, na vimeingia madoa meusi kama ilivyotarajiwa. Wifi alikwisha kujaza beseni tena. Alimwambia apumzishe mikono, atavirudia yeye, muda bado unatosha.

Dobi aliviangalia, hasira ikampanda.

"Mwaga maji hayo," alisema. "Vikunje hivyohivyo."

"Wifi, utatuaibisha."

"Nimeficha uchafu wa mtu mwingine miaka miwili. Vikunje."

Usidhani lilikuwa jambo dogo. Dobi kupeleka nguo chafu ni sawa na mwalimu kukosea hesabu ubaoni mbele ya mkaguzi. Tena kazi ya ukumbi ilikuwa nusu ya riziki yake. Njia nzima, nyuma ya toroli alilosukuma wifi, miguu ilimwomba warudi. Hakurudi.

Karani alikuwa akihangaika na vikombe, wakatandika wenyewe. Alipogeuka na kuona meza kumi na tisa zenye madoa, wajumbe walikuwa wameshaingia. Mwenyekiti, mama mmoja aliyevaa suti ya rangi ya maziwa, aliketi na kuegemeza kiwiko mezani. Alipokiinua, mkono wa suti ulikuwa mweusi.

"Nani kafua hivi?"

"Mimi, mheshimiwa," dobi alisema. "Nimevianika alfajiri vikiwa vyeupe. Hayo yameshuka kutoka saa moja mpaka saa tatu."

Mwenye tanuri, aliyekuja kupokea leseni yake, alicheka, akasema dobi asiyejua kazi husingizia upepo. Dobi alikunjua kitambaa cha ishirini, akakitandaza mbele ya mwenyekiti, juu ya kile cheusi. Sabuni ni hiyohiyo na maji ni hayohayo, alieleza, ila hiki kilikauka chumbani. Hapo kicheko kikakatika.

Mwenyekiti alimtaka afisa wa mazingira asome taarifa yake. Afisa aliisoma kwa sauti iliyozidi kushuka, mpaka maneno "hakuna dalili" hayakusikika vizuri.

"Siku ile nilikufulia upya, mwanangu," dobi alimwambia. "Kosa langu." Kisha aliinua mikono yake iliyovimba ili kamati nzima iione. "Barua zangu tatu zilihusu hii. Daktari haapi kwamba ni moshi, na mimi siapi. Lakini kama haya yameangukia kitambaa kwa saa mbili, vifua vyetu vimebeba kiasi gani kwa miaka miwili?"

Waliopiga kura ya kunyima leseni walikuwa saba kati ya tisa. Tanuri lingezimwa kuanzia siku hiyo, mpaka liwekwe bomba refu la moshi na chujio, na hewa ipimwe na watu wa nje. Barua tatu kuhusu mikono ya mtu hazikumbandua mjumbe hata mmoja kitini, lakini suti moja ilipochafuka sheria ikapatikana mara moja. Dobi aliliona hilo vizuri. Liliuma, lakini furaha ilikuwa kubwa zaidi, akaiacha ijae.

Karani alimsogelea na kumnong'oneza avikusanye vitambaa upesi, akavifue, wageni wapate kunywa chai kistaarabu.

"Nitavifua kesho, tanuri likiwa kimya," dobi alisema, wala hakunong'ona. "Leo nyweni hapohapo."

Wakanywa hapohapo, waheshimiwa wote, vikombe wameviinua na viwiko wamevibana mbavuni wasiguse meza. Mwenyekiti alimvutia dobi kiti. Chai ya mwenye tanuri ilikuwa na maziwa mengi. Dobi alishika kikombe kwa viganja viwili, maana siku hiyo vidole bado vilikataa kukunjika, akainywa mpaka mwisho, kisha akaagiza na ya wifi yake.