Tafsiri ya Yunisi

Siku Gasto alipomrudisha mkewe kwao, alimbebea sanduku mwenyewe. Watu wa Mungaa walilisimulia hilo kwa muda mrefu. Mwanaume gani mwingine, walisema, angembebea mke tasa sanduku mpaka mlangoni kwa baba yake, akampa mzee mkono wa heshima, akaongea kwa upole namna ile?

"Shikamoo, baba. Nimevumilia, nimeshindwa. Nataka mtoto, na kwake sikupata."

Mzee Mughwai aliinamisha kichwa kwa aibu. Binti yake, Yunisi, alisimama nyuma ya sanduku bila kusema neno. Yote ya kusema alikwisha kumwambia mama yake, na hakuaminiwa.

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi. Gasto hakuwahi kumgusa.

Alikuwa seremala mzuri na mwalimu wa kwaya ya parokia, mrefu, sauti nzito, mtu ambaye wasichana walikaa viti vya mbele kanisani ili wamwone vizuri. Siku ya harusi, wageni walipoondoka, alijilaza ukingoni mwa kitanda amevaa suruali na mkanda wake, akasema amechoka. Kesho yake alisema ana jeneza la kumaliza. Juma lililofuata, jeneza jingine. Alilala karakana, juu ya meza ya kazi, katikati ya maranda. Mara moja Yunisi alimwekea mkono begani. Gasto alitetemeka kama mgonjwa wa malaria, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, macho yameganda ukutani. Yunisi naye alikuwa mgeni wa mambo hayo na alikuwa na hofu yake. Alidhani ni harufu yake. Akaoga na sabuni ya kunukia, akabadilisha mafuta ya nywele, akajitazama na kujitafuta kasoro.

Kisha watu wakaanza kulitazama tumbo lake.

Shangazi Esta, aliyemlea Gasto tangu mama yake alipofariki, alimpeleka Yunisi kwa mganga ng'ambo ya mbuga. Walimnywesha mizizi mpaka akatapika damu. Walimchanja chale chini ya kitovu kwa wembe na kumsugua dawa nyeusi, na aliyeshika mabega yake asitikisike alikuwa Gasto.

Yunisi alimtazama juu usoni. "Waambie," alimnong'oneza. "Gasto, waambie."

Gasto akatazama dari.

Mambo ya kitanda Yunisi angeweza kuyasamehe. Hilo la kutazama dari hakulisamehe.

Nyumbani kwao mama yake alirudia yaleyale, "Mwanaume mzima vile? Mwanangu, usimpake mwenzio matope kuficha lako." Kisimani wanawake walimpokonya watoto wao kwa tabasamu, kama vile utasa unaambukiza. Kwa Gasto walipeleka ugali na mlenda, maskini, anaishi peke yake.

Miaka hiyo watu walikuwa wamehamishiwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, na serikali inataka kila mtu mzima ajue kusoma. Yunisi alikuwa amesoma misheni mpaka darasa la saba, kwa hiyo akapewa darasa la kisomo. Aliwafundisha wazee na akina mama walewale waliomsema. Alikuwa mkali. Aliyekosea herufi alirudia mpaka jasho likamtoka.

Ndipo lilipokuja gari la sinema.

Aliyelileta alikuwa Ahmadi, kijana wa mjini Singida, wa Mandewa, baba yake muuza vitambaa. Kiswahili chake kilikuwa laini, lakini Kinyaturu hakujua. Katibu wa kijiji alimwambia, "Ndugu, wazee na akina mama hawatakuelewa. Mchukue mwalimu Yunisi. Wewe useme Kiswahili kwenye kipaza sauti, yeye afuatishe kwa lugha yetu."

Ili azoee kazi, Ahmadi alimpeleka kwanza kwenye onyesho la Ikungi. Ilianza filamu ya mbolea na kupanda kwa mistari, watu wakapiga miayo. Halafu ikaja picha ya kigeni, nyeusi na nyeupe, lugha yake haijulikani na yeyote pale. Ahmadi alikuwa ameikariri hadithi yake yote. Ilimhusu karani wa reli aliyeoa mwanamke mzuri kisha akawa anamkimbia. Analala kwenye kiti. Jumapili anakwenda ofisini kupanga mafaili. Akiguswa, anaruka kama ameungua. Mwishoni kabisa anapiga magoti na kumwambia mkewe sababu: alipokuwa mtoto alimsikia mama yake akilia kwa uchungu wa kuzaa nyuma ya mlango, mpaka sauti ikakatika. Tangu hapo anaamini kwamba mwanamke atakayemgusa atakufa vilevile.

Yunisi alitafsiri neno kwa neno. Watu wa Ikungi walilia.

Yeye hakulia. Mungaa nzima ilijua kwamba mama yake Gasto alifia ndani ya nyumba akijifungua, na Gasto mtoto mdogo yuko mlangoni. Hakuna aliyewahi kuyaunganisha mambo hayo mawili. Sasa Yunisi aliyaunganisha, na moyo wake haukulainika hata kidogo. Kumbe yule mtu alikuwa na sababu kifuani muda wote, akijua kasoro ni yake, na bado akamshika mabega achanjwe.

Walipokuwa wanarudi aliuliza, "Ndugu Ahmadi, mtu akitafsiri akapotoka kidogo, utajua?"

Ahmadi akacheka. "Mimi? Hata ukiniuza mnadani kwa Kinyaturu, nitakushukuru."

Jua lilipozama siku iliyofuata, Mungaa yote ilikuwa uwanjani. Pazia jeupe lilifungwa kati ya Landrova na nguzo, jenereta likanguruma. Wanakwaya walikaa pamoja, Gasto katikati yao, na Shangazi Esta kwenye kigoda mbele.

Filamu ya mbolea ikapita. Karani akatokea na bibi harusi wake.

"Huyu bwana ni karani wa reli," Ahmadi alisema kwa Kiswahili.

Yunisi akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti. "Huyu bwana," alisema kwa Kinyaturu, "ni seremala."

Waliojua lugha zote mbili walitazamana. Kijana mmoja akakohoa.

"Anamwambia mkewe amechoka na safari."

"Anamwambia mkewe ana jeneza la kumaliza."

Kicheko kilianzia nyuma, kwa vijana. Bibi mmoja akapaza sauti, "Jeneza la nani? Mbona kijijini kwake hakuna msiba?"

"Hata mkewe anashangaa, bibi," Yunisi alimjibu kwa kipaza sauti. "Kila siku jeneza, na hakuna anayezikwa."

Uwanja ulilipuka. Ahmadi alitabasamu, akaona picha yake imependwa. Akaendelea, na Yunisi akaendelea nyuma yake. Karani alipojikunyata kwenye kiti, Yunisi alisema analala juu ya meza yenye maranda, na mkanda kiunoni. Mkewe alipomgusa bega, karani akatetemeka, na Yunisi akasema, "Sasa anaimba. Wimbo wa kanisani, sauti ya nne."

Hapo hata wasiojua kitu walijua. Vichwa viligeuka kimoja kimoja kuelekea kwa wanakwaya. Gasto alikuwa amekaa wima, mikono magotini, mwanga wa pazia ukimcheza usoni. Waliokaa jirani naye walianza kusogea pembeni. Yunisi aliliona hilo, akasikia raha iliyompanda mpaka kooni. Aliitaka iendelee.

Karani alipiga magoti. Ahmadi alishusha sauti. "Anasema, mke wangu, nilimsikia mama yangu akifa akijifungua. Naogopa kukuua."

Yunisi alikisogeza kipaza sauti mbali na mdomo.

"Kasema nini?" wanawake waliuliza. "Mwalimu, kasema nini?"

"Anasema hajui," Yunisi alisema. "Anasema hajui kwa nini yuko hivyo."

Gasto akasimama. Kivuli chake kilipiga juu ya pazia, kikamfunika karani. Sauti ile nzito haikuhitaji kipaza sauti.

"Hapana," alisema kwa Kinyaturu. "Anasema alimsikia mama yake akifa. Anaogopa kumuua mkewe."

Hakuna aliyecheka. Shangazi Esta alishika kichwa kwa mikono miwili. Pengine Gasto alidhani yamekwisha hapo, kwamba watu watamhurumia na yeye ataketi. Lakini Yunisi alikuwa bado ameshika kipaza sauti.

"Sawa, aliogopa," alisema. "Kuogopa si kosa. Sasa muulizeni: mke alipochanjwa tumbo kwa utasa, nani alimshika mabega? Na alipoambiwa aseme, alisema nini?"

Ahmadi alinyoosha mkono kukichukua kipaza sauti, akauona uso wa Yunisi, akarudisha mkono. Picha ilikuwa imekwisha, pazia limebaki jeupe, jenereta linanguruma.

Mzee Mughwai ndiye aliyeuliza. "Gasto. Unajibu au hujibu?"

"Sikumgusa, baba," Gasto alisema. "Hata mara moja. Hana kosa. Mimi ndiye nilinyamaza."

Mama yake Yunisi alitoa ukelele kama wa msibani.

Kesho yake alikuja chumbani kwa bintiye, akapiga magoti na kuomba msamaha. "Sijafika huko, mama," Yunisi alimwambia. "Simama, sakafu ina baridi." Shangazi Esta alipita mlangoni kwao mara nyingi, asiingie. Kwaya ikapata mwalimu mwingine, kwa sababu Gasto kila alipoinua mikono kuongoza, kuna mtu alishindwa kuzuia kicheko. Kabla ya masika alifunga karakana, akahamia Shelui kutengeneza mabodi ya malori. Kina mama wa kisimani walianza kumletea Yunisi watoto wao awabebe. Aliwabeba watoto. Mama zao hakuwazungumzisha.

Ahmadi alimwombea kazi ya kudumu kwenye gari, akapata. Walipofika Shelui, Yunisi aliuliza kwa madereva, akaonyeshwa banda lililo nyuma ya kituo cha malori.

Gasto alikuwa anapiga randa. Alikuwa amekonda. Aliweka randa chini.

"Hujambo, Yunisi."

"Sijambo."

"Ulinimaliza siku ile."

"Ndiyo."

"Ungeniambia tukiwa wawili tu."

"Nilikuambia. Wembe ukiwa tumboni kwangu."

Gasto alitazama mikono yake. Lori lilipita, wakangoja kelele ipungue.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kukuchukua. Ndoa yetu bado iko kanisani. Padri anasema ndoa ambayo mume hakumgusa mke inaweza kufutwa, lakini anataka asikie kwako. Useme kama ulivyosema pale uwanjani, tena bila kupunguza."

"Nirudi Mungaa? Yunisi, watu watanitazama."

"Watakutazama," Yunisi alisema. "Gari linaondoka asubuhi. Utakaa nyuma."

Alifikiri hatakuja. Lakini asubuhi alimkuta amesimama kando ya Landrova, amevaa koti lake la kanisani. Akapanda nyuma, akakaa juu ya pipa la mafuta, pembeni ya jenereta. Ahmadi alimtazama Yunisi, akaona asiulize. Njia yote ilikuwa ya mashimo, na vumbi lote la magurudumu liliingia kule nyuma. Gasto alikohoa sana. Yunisi alikaa mbele, mikono mapajani, na mpaka wanafika misheni kwa padri hakugeuka.