Labda Thelathini na Moja

Umeshaanza kutazama pembeni. Hata Jumatatu pale sokoni, nilipotaja jina la Eloge, ulishika simu isiyolia ukasema: hayo ni mambo ya wasomi, waachie wasomi. Mimi si msomi. Niliishia darasa la sita mwaka 1998, vita vilipofunga shule yetu, na mengine nimejifundisha kwa kupiga kopi vitabu vya watu. Ila sisahau.

Eloge anafundisha uvuvi katika chuo kimoja hapa Baraka. Cheo chake ni asistanti, na asistanti anakaa kwa mandat: miaka miwili, inaongezwa, halafu siku moja haiongezwi tena. Ili abaki darasani anatakiwa kuonyesha makala moja iliyokubaliwa na jarida la kimataifa. Majarida hayo ni ya Kiingereza. Eloge amesoma kwa Kifaransa, anafundisha kwa Kifaransa, anaota kwa Kibembe.

Miaka minne alishinda Swima na Kazimia, mitumbwi inaporudi asubuhi, akipima ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa rula mmoja mmoja. Bamama wauzaji walimwita fundi cherehani. Alichokiona ni hiki: nyavu za matundu madogo zinamaliza vichanga, na zikiendelea hivyo, labda ndagala wataisha Swima. Labda. Huyo ni mtu wa labda; ukimwuliza kama leo ni Jumanne, anatazama simu kwanza.

Tuliandika kwenye kompyuta yangu, yeye na kamusi, mimi na vidole viwili. Tukatuma tarehe 11 Machi 2023. Jibu lilikuja baada ya miezi saba, mistari mitano: mwandishi anatabiri bila ushahidi, huu ni unabii, si sayansi. Apunguze uhakika. Tena makala isomwe kwanza na mtu aliyezaliwa katika Kiingereza.

"Huyo tutamupata wapi?" nikauliza.

"Labda Kazimia, ku mutumbwi ya samaki." Tulicheka, halafu hakucheka tena. "Lakini unabii, Anatole? Mi niliandika éventuellement kila mahali. Éventuellement ni labda."

"Basi ongeza."

"Niongeze ngapi?"

"Mpaka bachoke."

Tukaongeza. Lile neno, katika sura yake ya Kiingereza, lilikuwa mara tisa; tukalifikisha mara thelathini na moja. Kila sentensi yenye ndagala tukaipa labda yake, kama ugali na mboga. Tukatuma.

Aprili wakakataa kabisa. Mwandishi amepuuza ushauri, walisema, amezidisha utabiri mara tatu. Asitume tena makala hiyo. Eloge alisoma akiwa amesimama, akaniachia karatasi, akaenda kufundisha.

Wiki iliyofuata akaja Gentille kibandani kwangu kupiga kopi ya diploma yake. Huyu alikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa, Kiingereza amekitoa huko. Karatasi za Eloge zilikuwa mezani. Akasoma, akaanza kucheka.

"Papa Anatole, nani huyu nabii?"

"Nabii gani? Huyo iko anasema labda."

"Labda iko wapi? Anaapa tu. Eventually haiko labda. Ni mwishowe. Ni kusema hata ikichelewa, itafika tu."

Nilikaa chini. Sura moja, mama mbalimbali, na sisi wa Kifaransa tunayasalimu maneno hayo kama mapacha. Kila tulipopiga magoti, kule walisikia tunapiga ngumi mezani. Na yule msomi mkubwa aliyetuhukumu hakujiuliza hata mara moja mtu wa Baraka amesomeshwa kwa lugha gani.

Nikamwita Eloge. Gentille akamweleza polepole, hacheki tena.

"Thelathini na moja," Eloge akasema.

"Ni mi nilikuambia uongeze."

"Ni jina yangu iko juu."

Mchana uleule tuliwaandikia, Gentille akiandika, kwamba samaki wamehesabiwa sawa, kosa ni neno moja. Jibu lilikuja kabla hatujazima kompyuta. Halikuandikwa na mtu: faili imefungwa. Tukasahihisha makala, tukapeleka kwa jarida lingine. Hao wanataka miezi sita. Mandat ya Eloge inaisha tarehe 30 Juni.

Juzi, aliniambia mwenyewe, mwanafunzi wa Swima alimwuliza: "Mwalimu, ndagala zitaisha?" Alitafuta neno la kumjibu. Akageuka akafuta ubao ambao ulikuwa umeshafutwa.

Kamati ya chuo inakaa Ijumaa hii, saa tatu asubuhi. Mimi nilifika mlangoni mwao mara mbili. Wanauliza nina diploma gani. Wewe unayo. Wewe jina lako wanalijua, na wawili kati yao ulisoma nao. Usiniletee pole. Andika mistari mitatu: makala ilikataliwa kwa neno, si kwa samaki; mwongezeeni mwaka mmoja; chini yake weka sahihi yako na namba yako ya simu. Hakuna malipo, mashine yangu inawaka. Chukua kalamu sasa, kabla hujaweka karatasi hii chini.