Jina la Duarani

Mdogo wangu alibatizwa Donatus katika parokia ya kwetu Ushetu, nami nilikuwapo, mtoto wa miaka sita niliyekabidhiwa mshumaa. Ndiyo maana sikukubali kamwe kwamba aliitwa Mirambo.

Jina hilo alilipata shuleni, katika shule ya bweni mkoani Shinyanga, mwaka alioingia kidato cha kwanza. Mimi nilikuwa kidato cha sita na kaka mkuu wa shule. Wenzake walikuwa wametoka kusoma habari za watemi waliopigana na Waarabu wa Tabora, na walipomwona yeye, mfupi, mweusi tii, akiwapanga wavulana wakubwa uwanjani kama jeshi, wakambandika jina la mtemi. Bweni lao lilikuwa tayari na Kaizari mmoja na Bismaki wawili. Nilipiga marufuku majina yote hayo. Donatus nilimsimamisha mbele ya mstari, nikamweleza kwamba Mirambo alijenga dola kwa akili na kwa damu, na kwamba jina la mtu wa namna hiyo halivaliwi kama shati la mtumba. Alicheka. Nilimfyekesha nyasi siku tatu, na hakuninunia hata siku moja.

Machi mwaka huu figo za mama zilishindwa kabisa. Daktari alituambia waziwazi tumrudishe nyumbani. Dada yetu Vumilia alimtandikia chumba cha mbele, na huko mama hakuomba chakula wala dawa. Aliomba kumwona Donatus. Miaka minne ilikuwa imepita tangu aondoke kwenda kwenye machimbo ya dhahabu, na tangu Krismasi simu yake haikuwa ikipatikana.

Jirani yetu Masalu, auzaye vitenge Katoro, alipokuja kumjulia mama hali alituletea habari. Alikuwa amemwona Donatus mwezi uliopita katika machimbo ya wachimbaji wadogo, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka Katoro. Akasisitiza kwamba nisipoteze muda kuulizia Donatus, kwa kuwa huko wanamjua kwa jina la Mirambo tu. Alijitolea hata kwenda mwenyewe. Nilimkatalia. Nilisema kwamba kumwita mtoto wa nyumba kwenye kitanda cha mama yake ni kazi ya mkubwa wa nyumba.

Nilifika machimboni saa saba mchana, nimevaa tai. Karasha zilikuwa zikisaga mawe kwa kelele iliyonilazimu kupaza sauti. Msimamizi wa maduara, kama wanavyoyaita mashimo yao, kijana wa kama miaka thelathini, alitoka chini ya turubai akaniamkia kwa adabu. Jina lake, alisema, ni Farao. Nilimwambia kwamba namtafuta Donatus Ngassa. Alifungua daftari la walioshuka siku hiyo, akapitisha kidole juu ya akina Tyson na Pele na Komredi, akatikisa kichwa.

"Mzee wangu, Donatus hapa hatuna. Nitajie jina lake la duarani, nikuitie sasa hivi."

"Ndugu yangu ana jina moja tu."

"Basi una bahati, mzee. Mimi nina Pele watatu na hakuna hata mmoja anayejua mpira." Wenzake walicheka. Kisha akasema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni mlango wa msikiti, "Jina la nyumbani huwa hatulitaji mdomoni mwa duara. Ardhi ikilisikia, inalikariri. Kwa hiyo hata akiwa hapa, kwa hilo simjui. La huku hulijui kabisa?"

Nilikuwa nalijua. Nililisikia likinipanda hadi kwenye meno. Niliitazama tai yangu iliyojaa vumbi, nikawatazama wale vijana wakisubiri kuona kama mzee huyu naye atasema kama wao, nikajibu kwamba silijui.

Saa nane nilikuwa juu ya bodaboda, narudi Katoro. Jioni nilimwambia mama kwamba Donatus hayupo machimboni. Siku mbili zilizofuata, kila pikipiki iliposikika barabarani, alimwomba Vumilia achungulie. Alhamisi asubuhi Vumilia alirudi kutoka kuchungulia, akamkuta mama amekata roho.

Tulizika Ijumaa. Masalu alirudi Katoro siku hiyohiyo bila kuniuliza, na Jumapili adhuhuri Donatus akateremka kwenye pikipiki mbele ya nyumba, udongo wa duara ungali kwenye nywele zake. Masalu alikuwa amemwambia kwamba mama ni mgonjwa tu. Lile turubai la msiba na wale wanawake walioketi chini vilimweleza yaliyobaki.

"Shikamoo, kaka," alisema.

Niliitikia. Nilimweleza jinsi mama alivyokwenda, na kwamba nilikuwa nimemfuata hadi machimboni, Jumanne, saa saba.

"Jumanne saa saba nilikuwa chini," alisema polepole. "Farao alikuwa juu. Uliniulizia kwa jina gani?"

"Kwa jina lako."

"Masalu hakukuambia lingine?"

Miaka thelathini ya ualimu nimekuwa nikiwaadhibu watoto wa watu kwa uongo. "Aliniambia," nilisema.

Hakupiga kelele, wala hakunishika. Aliuliza tu kaburi liko upande gani, akaomba asifuatwe. Nilibaki kando ya bani la kukaushia tumbaku, nikamwona akipiga magoti kwenye udongo mbichi, nikamsikia akimwita mama: mayu, mayu, kama tulivyomwita tukiwa wadogo. Alimwomba radhi kwa kuchelewa. Yeye ndiye aliyeomba radhi.

Jua lilipoanza kupungua nilimchukulia chai mwenyewe, ingawa wanawake walitaka kunipokea kikombe. Alikipokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa.

"Asante, Mwalimu," alisema.

Wanafunzi wangu huniita hivyo, na wazazi wao, na hata padre. Donatus alikuwa hajaniita hivyo maishani mwake. Tangu siku ile hana jina lingine la kuniitia, nami huitika.