Nyumba Inayokimbia Yenyewe

Mwaka 2002, huko Butembo, mashariki mwa Kongo, mwalimu Elikia alimwonyesha mkewe Kavuo picha ya meli ya watalii. Alikuwa ameandika barua ya kuomba kazi: angewafundisha abiria Kifaransa mwaka mzima, na familia yake ingelala na kula bure humo. Hakutaka kuituma kabla Kavuo hajakubali.

Kavuo alicheka. "Weye unaogopa hata mutumbwi! Na shamba yangu ya maharagi, nani atalima?"

Elikia akamwita kwa jina la mtoto wao: "Lakini Mama Sagesse, vita ikifika, hatutakimbia tena. Nyumba yenyewe itakimbia, na sisi tumelala ndani."

Kavuo aliacha kucheka. Walipokimbia vita kutoka mji wa Beni, godoro lao lilikimbia juu ya kichwa chake.

"Andika tena," akasema. "Sema bibi yako anajua kupika sombe ya majani ya muhogo. Na uulize kama batakubali kuku zangu."